Maswali Manne ya Fomu Tisa

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na kufikia saa sita tulikuwa tumeshaweka ndoo ya kwanza katikati ya masijala. Naandika kwenye daftari la mahakama ambalo mchapaji alilikosea mistari, likawa la kutupwa. Mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba mtu anayeishi peke yake akianza kuijibu redio, inabidi atafute mtu wa kuzungumza naye. Mtu sina. Daftari ninalo.

Kazini wananiita Mama Muhuri, ingawa sikujaliwa kuzaa. Nina miaka thelathini na moja katika chumba hiki. Tangu ipitishwe sheria ya kuzuia ugaidi, miaka minne iliyopita, mimi ndiye ninayeshika Fomu Tisa. Sheria yenyewe ni kali: polisi wanaweza kumweka mtu ndani siku kumi na nne bila kumfungulia mashtaka. Lakini walioitunga waliitia kufuli. Siku hizo zikiisha, haiongezwi hata moja mpaka mshukiwa aletwe yeye mwenyewe mbele ya hakimu na kuulizwa maswali manne. Unajua kwa nini umeshikwa? Umeonana na wakili? Jamaa zako wanajua ulipo? Kuna mtu yeyote aliyekuumiza? Majibu yanaandikwa kwenye Fomu Tisa, hakimu anasaini, mimi nagonga muhuri. Kwenye semina walituambia fomu ile ni ngao ya raia, na mimi nilirudi nyumbani siku hiyo kichwa kimevimba kama niliyeitunga.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimekula mkate na chai, nimelala.

Jumatatu, 17 Machi

Daraja la kuelekea gerezani limefunikwa na maji. Gari la mahabusu halipiti, ila pikipiki ya sajenti inapita kwa njia ya juu ya kilima. Kwa hiyo watu hawakuja, yakaja mafaili yao, matano, ndani ya mfuko wa nailoni.

Hili kwetu lina jina: kuleta kwa faili. Hakuna aliyelianzisha rasmi. Lilianza msimu wa mvua wa mwaka ule wa kwanza, kwa sababu hakuna hakimu ambaye angeamuru watu wa kesi za ugaidi waachiwe eti barabara ina tope. Sajenti analeta faili, mimi najaza fomu, hakimu anasaini ofisini kwake huku akinywa chai. Majibu nayajua kwa moyo: ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana. Watu wanapoletwa kweli, wengi wao hujibu hivyo hivyo. Basi nikajaza zote tano kabla ya saa tano.

Kwenye benchi la nje alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mfuko wa nguo magotini. Alikaa toka tunafungua mpaka tunafunga. Nilipomuuliza, akasema amemfuata mkwewe, fundi simu, aliyeshikwa tarehe tatu. Simu aliyoitengeneza ilikutwa kwa mtu anayetafutwa. Binti yake amejifungua juzi na hawezi kutoka, ndiyo maana amekuja yeye.

"Mimi kijana huyu sikumtaka tangu siku ya posa," akaniambia. "Lakini gaidi siye. Ugaidi unataka mtu wa kuamka mapema."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Nikamwambia arudi baada ya siku kumi na nne, gari litakuwa limepita.

Alhamisi, 20 Machi

Ndoo mbili sasa. Mpangaji wa juu yangu amehama. Sikuwahi kumwona uso, lakini nimezikosa hatua zake.

Jumatatu, 31 Machi

Gari halikuja. Mafaili saba. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana, mara saba.

Yule mama alikuwapo tena na mfuko wake. Saa tisa alasiri aliingia masijala, akaomba kuona karatasi ya mkwewe, na sheria inampa haki hiyo. Nikamtolea. Akavaa miwani akaisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Halafu akaniuliza kwa upole ni saa ngapi walipomleta, maana yeye hakubanduka kwenye benchi, hata msalani hakwenda.

Ningesema kweli. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ulimi hauna mfupa, nikajisikia nikimwambia kwamba watu wa kesi hizi hupitishwa mlango wa nyuma, kwa usalama.

Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono, akaniuliza kama nilimwona mimi mwenyewe kwa macho yangu. Nikasema nilimwona. Amekondeana? Kidogo. Anatembea vizuri? Vizuri. Alisema chochote? Nikamwambia aliulizia mtoto.

Hilo la mtoto sijui lilitoka wapi. Hakuna aliyelitaka. Mama wa watu alikaa chini palepale kwenye kiti cha mawakili, akalia, akacheka, akajifuta na lile shati safi alilokuwa amemletea. Akaniachia shati nimpe mkwewe akija tena. Lipo kwenye droo yangu, chini ya karatasi za kaboni.

Jumanne, 1 Aprili

Roho inanisuta, lakini najiambia nimempa faraja na sijamchukulia kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Amekuja kunisalimia, bila shida yoyote ya mahakama. Alikuwa akipita, ameleta chapati mbili kwenye karatasi. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali miaka thelathini, kwa hiyo tumelingana kwa utumishi. Ana miaka sitini na nne, mimi hamsini na saba, ananiita mdogo wangu. Tulikula tukapiga soga mpaka saa nane na nusu, na mimi sijawahi kuchelewa kurudi mezani hata siku moja.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kwao. Nimempakata mtoto. Ni wa kiume, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Binti yake aliniuliza tena na tena mumewe alisema nini hasa kuhusu mtoto, kwa maneno gani, akiwa amesimama au amekaa. Nikampa maneno. Yule mama alinikatia mkate akanipa kipande cha mwisho, chenye ganda, kwa kuwa nilimwambia ndicho nikipendacho. Miaka mingi hakuna aliyejua napenda kipande gani.

Nilirudi na mvua mwili mzima, nikiimba.

Jumatano, 9 Aprili

Chai na dada. Ndivyo ninavyomwita sasa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mafaili sita. Daraja bado. Nilimwambia dada asihangaike kukaa kwenye benchi, watapita nyuma kama kawaida, nitamletea habari mwenyewe. Akaniamini, akabaki nyumbani na mjukuu. Nikajaza fomu ya mkwewe kama nilivyojaza nyingine. Jioni nikapita kwao nikasema amenenepa kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi, tuliambiwa tukiwa watoto. Yangu imefika wiki mbili na bado naikanyaga.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika pole pole ili nisikosee.

Leo nilikuwa napanga mafaili ya wiki ijayo. Ndani ya faili la fundi simu kulikuwa na karatasi ambayo si yetu, imeshikana na nyingine kwa unyevu. Ni barua ya mganga wa gereza kwenda kwa mkuu wa gereza, ya tarehe 29 Machi. Inasema mahabusu fulani, na namba yake ndiyo hiyo, ameletwa zahanati akiwa amevunjika mbavu mbili na taya. Taya limefungwa kwa waya. Hataweza kuzungumza wala kutafuna kwa wiki nne au zaidi.

Tarehe 31 Machi, kwa mwandiko wangu, mtu huyo alijibu maswali manne. La nne nilimwandikia hapana.

Niliisoma barua ile mara nyingi. Nilitazama na fomu yangu, ile h iliyonyooka, nukta mahali pake. Mwandiko wangu husifiwa mahakama nzima.

Sajenti alipokuja mchana nilimwonyesha. Hakushtuka. Alisema kijana aliteleza bafuni, watu huteleza, na barua hiyo imepotea njia, nimpe airudishe. Nikamwambia nitaipeleka kwa hakimu kwanza. Akanitazama kama anayeniona siku ya kwanza, akaniambia Mama Muhuri, umebakiza miaka mitatu ustaafu, kaa ule pensheni yako.

Hakimu wetu si mtu mbaya. Ana sauti ya chini na huulizia afya ya kila mtu. Aliisoma barua, akaikunja, akanirudishia kwa ncha za vidole. Aliniambia yeye husaini anachoandikiwa, na anayeandika ni mimi. Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami mpaka sasa, naliandika kama alivyolisema:

"Ukisema hakuletwa, hukumsema sajenti wala hukunisema mimi. Umejisema mwenyewe. Mwandiko ni wako."

Ni kweli. Toka mwaka wa kwanza, ni kweli.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda kazini. Nimelala kitandani nikihesabu misimu. Misimu minne ya mvua, mafaili matano, sita, saba kila mara. Wangapi niliwajibia hapana? Wale wengine hawakuwa na mkwe wa kukaa kwenye benchi.

Alhamisi, 24 Aprili

Dada alikuja na chai ya tangawizi kwa sababu alisikia naumwa. Alinifunika shuka akaketi kwenye kiti cha dirishani, akashona kifungo changu. Nilijifanya nimelala.

Jumatatu, 28 Aprili

Wakili amepatikana. Ni msichana mdogo, viatu vyake vimelowa mpaka juu, anafanya kesi hii bila malipo. Ameomba Mahakama Kuu imwachie fundi kwa sababu sheria haikufuatwa: toka ashikwe hakuna mtu aliyemwona. Wakili wa serikali amejibu kwa mstari mmoja. Mshukiwa ameletwa mara tatu, ameulizwa na amejibu, na Fomu Tisa tatu zitaambatishwa.

Kwa hiyo ngao ya raia imegeuzwa fimbo ya kumpigia.

Ili fomu ziende Mahakama Kuu, lazima zigongwe muhuri wa nakala halisi, na muhuri huo ni mimi. Sajenti aliziweka mezani saa nne. Nikasema nina kazi nyingi. Akazirudia saa sita. Nikasema wino umekauka. Akaufungua mwenyewe ule mkebe, akaugusa kwa kidole, akanionyesha kidole cheusi. Nikamwambia kesho.

Leo pia ilikuwa siku ya kuongeza muda, mara ya nne. Fomu ya fundi niliiacha tupu. Hakimu akamwita karani mwenzangu akaijaza. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana. Ilimchukua muda kama wa kupiga chafya.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeanza na dada, kabla ya wakili. Niliona asije akalisikia mahakamani.

Nilikwenda kwao saa kumi na moja jioni. Binti alikuwa anamwogesha mtoto. Nikamwomba dada tutoke ukumbini, pale penye viatu. Nikamwambia hakuna mlango wa nyuma. Hakuletwa hata mara moja. Sikumwona mimi wala hakimu. Hakuulizia mtoto, maana hajui kama mtoto amezaliwa. Nikamwambia na habari ya taya.

Nilidhani atapiga kelele. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa cha mlango na uliendelea kukishika. Ndani mtoto alikuwa anapiga maji kwa miguu. Kisha akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile ile ya kuniambia chai iko tayari.

"Toka ashikwe sikuwa nalala. Usiku ule uliponiambia umemwona, nililala mpaka asubuhi. Na yeye siku hiyo taya lake lilikuwa limevunjika, na mimi nimelala."

Nikasema nisamehe dada. Akasema yeye si dada yangu. Hakulisema kwa hasira, alinirekebisha tu kama mtu anayetaja jina lake sawasawa. Akaomba lile shati. Nilikuwa nimelibeba. Akalipokea, akafunga mlango bila kuubamiza.

Nilitembea mpaka nyumbani kwenye mvua. Nimeandika haya na bado sijavua viatu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekula kiapo mbele ya yule wakili msichana. Kurasa nne, na barua ya mganga mwishoni. Mficha uchi hazai, basi nimeweka yote: kuleta kwa faili, misimu minne, droo, kaboni, kila kitu. Alipomaliza kuisoma aliniuliza kama nina mtu wa kukaa naye siku mbili tatu hizi. Nikamwambia nina mdogo wangu. Sikumwambia yuko umbali wa siku mbili kwa basi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua. Hakuna aliyepiga simu.

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya kusimamishwa kazi ilikuwa mezani kabla yangu, na zile fomu tatu zilikwishagongwa muhuri bila mimi. Kugushi nyaraka za mahakama. Barua yenyewe haikugushiwa, maneno yake ni ya haki. Walinipa sanduku la karatasi la kuwekea vitu vyangu, na vitu vyenyewe vilikuwa kikombe, miwani ya akiba na kandambili. Karani mwenzangu alinisaidia kulibeba mpaka ngazini, akarudi haraka asionekane. Jina lake nimelitia kwenye kiapo, na hajui bado.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepiga deki. Nimepiga deki tena.

Jumatatu, 5 Mei

Mahakama Kuu, saa tatu. Daraja limefunguliwa juzi, kwa hiyo amri ya jaji ilitimizwa: fundi simu aliletwa. Mara ya kwanza katika siku sitini na tatu. Nilimpita kwa macho nisimjue. Mtu niliyekuwa namwelezea kwa mkewe alikuwa mrefu, huyu ni mfupi, na shati lake lilimpwaya kama limetundikwa.

Dada alikaa safu ya mbele, bado namwita hivyo humu. Nilikaa nyuma kabisa.

Ilichukua dakika arobaini. Wakili wa serikali alisema mwandishi wa fomu ni mtu asiyeaminika, kwa kuwa amekiri uongo mara tatu. Wakili msichana akasema ndiyo sababu fomu zake haziaminiki. Watu wakacheka kidogo. Niliitwa nikaulizwa kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Kama mshukiwa alikuwapo. Nikasema hakuwapo. Sajenti alikuwa anatazama kofia yake. Kisha jaji akaandika kwa muda, akasoma. Mshukiwa hakuletwa kama kifungu kinavyotaka, kwa hiyo kuzuiwa kwake toka tarehe 17 Machi hakukuwa halali. Aachiwe sasa hivi. Na mafaili yote ya misimu ile minne yaletwe kwake yakaguliwe. Wakaingia kwenye kesi inayofuata.

Nilikuwa naelekea ngazini niliposikia mtu ananiita. Alikuwa yeye, kwenye korido, mama mkwe amemshika mkono wa kushoto. Anaongea kwa taabu, meno hayajafunguka sawasawa, inabidi umsogelee. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyemjibia. Nikasema ndiye. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

Akasema gerezani kuna mzee mmoja anayeijua sheria ile, na mzee huyo aliwafundisha yale maswali manne, kwamba siku ya kumi na nne lazima waulizwe, hata iweje. Akawa anajiandaa. Taya lilipofungwa, alikuwa anajibu kichwani. Kila siku ya kumi na nne aliamka mapema, akanawa, akakaa mlangoni mpaka jioni.

"Leo nilijua wataniuliza," akasema. "Wamezungumza karatasi, wamemaliza. Basi niulize wewe."

Nilimtazama yule mama. Hakunitazama, lakini hakumvuta waondoke.

Niliuliza. Sina kazi, sina muhuri, watu wanatupita na miavuli yao inadondosha maji. Nilimuuliza kama alijua kwa nini ameshikwa, na akasema hakuna aliyemwambia mpaka wiki ya tano. Nilimuuliza kama alionana na wakili. Nilimuuliza kama jamaa zake walijua alipo, na hapo alimgeukia mama mkwe. Halafu nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyemwumiza.

Hilo alilijibu muda mrefu. Alitaja siku, chumba, na sauti ya aliyeshika ufunguo. Alipochoka taya alilishika kwa kiganja, akaendelea. Sikumkatiza. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, ameisikia yote. Alipomaliza akasema asante, kwangu mimi, na yule mama akamvalisha shati safi juu ya lile la gereza, akafunga vifungo kimoja kimoja, akamwambia, "Twende mkwe wangu, mwanao anakusubiri."

Wakashuka ngazi taratibu. Mimi nikabaki pale, nikakaa kwenye benchi la korido. Mfagiaji alinifikia na fagio lake, akaniuliza mama, unamsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu, nikamwinulia miguu apite.